Gari Liko Safu ya Korongo

Toledo, Ohio
Jumapili, baada ya Misa

Kwa mdogo wangu Tad,

Salamu zinatangulia, maana Mama alitufundisha kubisha hodi hata pale mtu anapoingia na ugomvi. Hujambo? Kazi inaendeleaje huko Tampa? Ule mgongo uliokuwa ukikusumbua umepona? Mimi mwili sijambo. Moyo ndio unaochemka, na kalamu nimeikaba hadi vidole vinauma. Ningekupigia simu, lakini simu zangu hupokei, na ujumbe wangu unausoma kisha unajifanya hamnazo. Barua huwezi kuikata katikati. Unaweza kuichana, ila ukiipapasa bahasha utasikia kuna kitu kigumu ndani, nami nakujua tangu ukiwa mdogo, hutaichana kabla hujajua ni kitu gani.

Baba yupo. Miguu yake mizima, anakula vizuri, na bado anabishana na redio. Kichwa ndicho kinachomwacha. Theluji ilipoanza kuyeyuka daktari alitwambia kuwa ana ugonjwa wa kusahau, kwamba hautarudi nyuma, na kwamba asiendeshe gari tena. Mtu aliyepachika milango ya magari kiwandani maisha yake yote anaambiwa asiguse usukani! Pale kwa daktari alivaa kofia yake tu, na mimi nilitamani angalau atukane. Tulipofika nyumbani akaniomba jambo moja: nimpeleke kwenye bustani ya michezo ya Merriwell mara moja zaidi, tulale hoteli ile ile ya Cypress Lagoon tuliyokuwa tukienda kila kiangazi enzi za Mama, na tukirudi ufunguo ataniachia bila kelele. Nikakubali. Nikakuandikia kwamba tutakuwa huko wiki nzima, mwendo wa saa moja na nusu kutoka mlangoni kwako, na kwamba Baba hana shida na mabembea wala na yule dubu wa kofia nyekundu, anataka kukuona wewe kabla hajaanza kuzisahau sura zetu. Hukujibu. Basi kaa chini nikusimulie ulichokikosa.

Niliendesha mimi kutoka Ohio hadi Florida, Baba pembeni akikanyaga breki isiyokuwepo kila nilipokaribia lori. Tulipofika kwenye geti la hoteli tukakuta bango jipya, limepambwa na picha ya dubu anayetabasamu, likisema kwamba kuanzia sasa kila mgeni atalipia gari lake kwa kila usiku litakaolala pale. Tad, miaka yote ile tulikuwa tukiegesha bure. Bure hiyo ndiyo iliyomfanya Baba aipende hoteli yenyewe. Vyumba alivilalamikia, supu aliilalamikia, lakini maegesho aliyasifu mpaka kanisani.

Ukumbi wa mapokezi ulikuwa umefurika watu waliopandisha mori. Nyuma ya meza alikuwa msichana mmoja jina lake Marisol, aliyevalishwa masikio ya dubu kichwani. Ni vigumu kumfokea mtu mwenye masikio ya dubu, ila tulijitahidi. Mbele yetu lilisimama jitu moja la kutoka Macon, Georgia, linaitwa Coy Ledbetter, lenye pikapu yenye magurudumu yanayofika kifuani mwangu. Alikuwa akisema kwamba chumba amelipa, tiketi amelipa, maji ya kunywa ameuziwa kwa bei ya bia, sasa mpaka matairi yake yanalala kwa kulipia? "Basi yapewe mito!" akafoka. "Na asubuhi yaletewe chai!" Karibu naye alikuwa Mama Prudhomme wa Louisiana, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuongoza kwaya, na nyuma yake ukoo mzima umevaa fulana za njano zilizoandikwa jina lao. Yeye alitaka kujua kama mwakani waje na punda, na kama punda naye atalipiwa kwa kichwa au kwa miguu. Marisol akajibu, huku tabasamu limeanza kumtetemeka, kwamba ada ni kwa ajili ya kuboresha huduma. "Kuboresha nini, mwanangu?" Mama Prudhomme akamwuliza. "Lami? Mmeitia sukari?"

Nami nilifoka, sitaki kukuficha. Nilifoka kuliko wote. Nilisema huu ni wizi wa mchana kweupe, na kwamba mtu ukishafika na watoto na mizigo huna pa kwenda, wao wanalijua hilo, ndiyo maana wanatukamua. Na ni kweli, mpaka leo nasema ni kweli. Baba peke yake hakulalamika. Alisogea taratibu mpaka mezani, akavua kofia, akamwuliza Marisol swali moja tu, kama safu ya Korongo, ile ya maegesho tuliyoegesha miaka yote, bado ina nafasi. Yule msichana alishukuru kuulizwa jambo lenye jibu. Akasema ndiyo, Korongo iko wazi, karibu na ule mti wenye taa.

Unajua jinsi Baba anavyoegesha. Alinishusha kwenye usukani, akaketi yeye, akaliingiza gari kwa rivasi, taratibu, mpaka pua ikatazama barabarani. Bango la korongo aliyesimama kwa mguu mmoja lilikuwa juu yetu, rangi imepauka. Tukafunga milango, na kama ilivyo desturi ya nyumba yetu tukasimama tukalitaja jina kwa sauti mara tatu kabla ya kuondoka: Korongo, Korongo, Korongo. Watu wazima wawili tunapiga kelele juani. Kisha akanikumbusha ile kanuni yake, kana kwamba nina umri wa miaka sita, kwamba atakayepotea asitangetange wala asilie, arudi kwenye gari tu, naye atamkuta hapo.

Hujasahau ulivyopotea, nina hakika. Mama alikuwa akilia, watumishi wa bustani wanalitangaza jina lako kwenye vipaza sauti, na Baba akakataa katakata kwenda kukutafuta kwenye mabembea. Alisema umeambiwa uje kwenye gari, utakuja kwenye gari. Akaketi juu ya bampa akingoja. Na ukaja kweli, mashavu yana vumbi, na jambo la kwanza ulilolifanya ni kuomba biskuti. Hadithi hiyo ameisimulia kila Krismasi, na kila mara anamalizia kwa kusema kwamba siku ile ndipo alipojua mwanawe ana akili.

Sasa sikia vituko vya maegesho. Zile jioni zetu za kale unazikumbuka, wageni wanafungua buti za magari, kila mtu anatoa alichonacho kwenye sanduku la barafu, Mama anagawa soseji kwa watu asiowajua. Ledbetter alisema kwamba kama amepangishwa kipande cha lami, basi kipande hicho ni sebule yake. Akaisogeza pikapu, akapanga viti kwenye nafasi yake, akaleta na taa ya mezani aliyoichomoa chumbani, akakaa kwa raha zake na kaptula, akiwapungia mkono waliopita. Kufumba na kufumbua nafasi nyingine zikajaa viti. Ukoo wa Prudhomme ukaanza kupika wali wa kamba. Baba alifurahi siku ile, Tad. Alikula wali, akawasimulia kiwanda, akamsimulia Ledbetter habari zako, kwamba una mikono mizuri kuliko fundi yeyote aliyepata kumwona, na kwamba unakuja. Kila gari jeupe kama lako lilipoingia aliinuka kidogo kwenye kiti. Sikuwa na ubavu wa kumwambia akae.

Walinzi wakaja wakapiga marufuku moto na viti. Hapo hasira zikazidi, na Ledbetter akaja na shauri jipya. Ng'ambo ya barabara kuna duka kubwa la vyakula, na msimamizi wake alikuwa amesema hana neno magari yakilala kwake, mradi wenyewe tununue barafu dukani. Basi wote tuhame! Hoteli ibaki na lami yake tupu iitazame! Watu wakapiga makofi. Magari yakaanza kutoka moja baada ya jingine, honi zinalia kama harusi.

Baba akakataa. Gari lake halitoki Korongo, akasema, na ada atalipa. Nilidhani sikusikia vizuri. Huyu ni Leonard Sobczak, anayezunguka mtaa mzima akikwepa kutumbukiza sarafu kwenye mashine ya maegesho! Ledbetter akamtania mbele ya watu, "Mzee Leonard, umehongwa na dubu?" Watu wakacheka. Baba hakucheka, wala hakueleza. Alirudia tu kwamba gari halitoki. Mimi niliona aibu, kisha aibu ikageuka hasira, na alipolala usingizi wake wa mchana nikachukua ufunguo mezani, nikavuka barabara na gari, nikaliweka mbele ya duka pamoja na mengine. Alipoamka nilimwambia. Akanitazama, akasema sawa. Nikaridhika na hiyo sawa, kana kwamba sijui ni mgonjwa wa nini.

Kesho yake, baada ya chakula cha mchana, nilimwacha chumbani akitazama televisheni, nikashuka na Mama Prudhomme kumwona meneja. Tulikuwa na karatasi iliyotiwa saini na wageni karibu wote. Meneja alitukaribisha kwa maji ya limau na maneno matamu, akasema anaziheshimu hisia zetu. Hisia zetu! Nikampigia meza. Nilikuwa na mengi ya kusema, na niliyasema yote, na kwa jinsi nilivyokuwa naona raha kuyasema, muda ukapita bila mimi kuuona. Niliporudi chumbani televisheni ilikuwa ikiongea peke yake na mlango uko wazi.

Sitakueleza nilivyokimbia. Nilitafuta bwawani, nikatafuta kwenye mkahawa, nikamfokea Marisol tena, safari hii nikilia, naye akavua yale masikio akaja kunisaidia. Ni yeye aliyesikia honi upande wa maegesho. Tukatoka. Jua la Florida unalijua, lami ilikuwa ikitoa mvuke. Safu yote ya Korongo ilikuwa tupu kwa sababu ya mgomo wetu, na Baba alikuwa amesimama katikati ya nafasi yetu, chini ya lile bango, kofia hana, uso mwekundu, mikono ameitanua. Mgeni mmoja aliyefika wakati ule alikuwa anataka kuegesha papo hapo karibu na mlango, anapiga honi na kutukana. Mlinzi alikuwa amemshika Baba kiwiko akijaribu kumwondoa. Baba alikuwa anamsukuma.

Niliposogea nikamsikia anachokisema. Nakuandikia kama alivyosema, neno kwa neno, usije ukadhani natia chumvi. "Kijana, niache nisimame hapa. Mtoto wangu amepotea humo ndani. Tad. Ana miaka saba. Tumemwambia akipotea aje kwenye gari, na gari sijui limeenda wapi. Akija asipoliona gari atafikiri tumemwacha."

Mlinzi akamwachia mkono. Yule mwenye honi naye alisikia, maana dirisha lake lilikuwa wazi, akazima injini na kushuka, akamvika Baba kofia yake mwenyewe. Ledbetter alikuja akikimbia na mwili wake wote ule. Sikulazimika kumweleza mengi. Akanyoosha mkono, nikampa ufunguo, akavuka barabara, akalirudisha gari letu, akaliingiza kwa rivasi, pua inatazama barabarani, kwa sababu Baba alimwelekeza hivyo huku ametegemea bega langu. Mama Prudhomme aliloweka taulo kwenye barafu akamfunga nazo shingoni na mikononi. Baba alikunywa maji, akalipapasa gari, akatulia. Nikaenda mapokezi nikalipa ada yao, ya siku zote. Marisol hakunitazama usoni, nami nilimshukuru kwa hilo.

Siku ile ile nilikupigia kwa simu ya Mama Prudhomme. Ulipokea, kwa sababu namba hukuijua. Nilisema, "Tad, ni mimi Bernadette, Baba yuko kwenye hali mbaya, njoo." Ukasema uko kazini, na ukakata. Nimeifikiria sauti yako njia nzima ya kurudi. Ulisikika kama mtu aliyeudhiwa na muuza bima. Mimi nilimpigia meza meneja wa hoteli kwa ajili ya dola chache za usiku, na wewe uliyestahili kupigiwa meza ulikuwa hapo jirani, unakula chakula chako na kulala.

Najua utakachosema. Utasema Baba alikufukuza siku tuliyomzika Mama. Ni kweli. Ulichelewa, naye alikwambia mbele ya watu kwamba wewe si mwanawe na usikanyage tena kwake. Nilikuwepo, na nilimchukia kwa maneno yale. Umekaa nayo, umeyatunza, kila mwaka unayapangusa vumbi. Basi jioni ile, alipokuwa amelala kitandani na taulo shingoni, nilimwuliza kama anakukasirikia bado. Akanishangaa. Akaniuliza nimkasirikie Tad kwa lipi? Nikamkumbusha mazishi. Akafikiri, Tad, akafikiri kweli kweli, akakunja uso kama anayetafuta miwani. Kisha akasema kwamba siku ile ulikuja na suti ya bluu na ulilibeba jeneza upande wa mbele, na kwamba Mama angejivuna kukuona. Basi. Mengine hayamo. Ugomvi wenu umemtoka kichwani pamoja na jina la mtaa wetu na siku za wiki. Wewe uliyebaki nao unagombana peke yako, na mtu unayegombana naye anashinda mlangoni anakungoja.

Siku ya kuondoka nikapakia mizigo, lakini Baba akagoma kuingia garini. Tukiliondoa gari, akasema, mtoto akirudi atakuta patupu. Nilibembeleza, nikafoka, nikabembeleza tena. Mwishowe Ledbetter akatupeleka uwanja wa ndege kwa pikapu yake, Baba amekaa mbele kama mfalme. Nilikuwa nimeuogopa ufunguo ule miezi yote, nikijiuliza nitamnyang'anyaje baba yangu ufunguo wa gari lake. Sikumnyang'anya. Alipokuwa anafunga mkanda kwenye ndege aliutoa mfukoni mwenyewe, akaniwekea kiganjani, akakifunga kiganja changu kwa mikono yake miwili. "Mpe Tad," akasema. "Mwambie liko Korongo."

Ndicho hicho kitu kigumu ulichokipapasa. Gari liko pale pale, chini ya bango, pua inatazama barabarani, tangi limejaa. Jina lako nimeliacha mapokezi kwa Marisol. Ada inaongezeka kila usiku, na nimeagiza iandikwe kwa jina lako. Ukiona ni ghali, una haki ya kukasirika, ni ghali kweli, ni wizi, kapige meza utakavyo. Ukitaka kugombana na mtu, gombana na hoteli. Kisha washa gari ulilete Toledo.

Kila gari linapopunguza mwendo mbele ya nyumba Baba anauliza kama ni wewe. Namjibu bado. Juzi aliniuliza tena, kisha akataka kujua Tad ni mtoto wa nani. Nilimwambia ni wako, Baba. Akafurahi sana kusikia.

Majirani wote wanakusalimu, na Padri ameniuliza habari zako leo. Ule vizuri, uangalie mgongo wako njiani, usiendeshe ukiwa na usingizi. Nina hasira nawe ambazo sijui nitazimalizia wapi, lakini chumba chako nimekitandika.

Ni mimi dada yako,

Bernadette

Kwenye kisanduku cha mbele cha gari kuna pakiti ya biskuti. Baba aliziweka yeye mwenyewe. Usizile zote njiani, atakuuliza.